Kufuga Kulungu kwa Ajili ya Pembe: Mwongozo Kamili kutoka Mazizi ya Texas

Mwezi wa pili kazi yangu kubwa ni kuokota pembe. Nazunguka zizi moja baada ya jingine na ndoo mkononi, macho chini, kama mtu aliyedondosha funguo. Dume namba 31 leo kaangusha pembe ya kulia kando ya hori la maji. Ya kushoto huenda nikaikuta keshokutwa karibu na uzio anapopenda kujikuna. Kila ninayoiokota naiandika kwenye kitako kwa kalamu nene: namba ya hereni, mwaka, upande. Kisha naipeleka stoo, ambako pembe za kila dume zimetundikwa kwenye ubao wake, mwaka chini ya mwaka. Ukisimama mbele ya ubao ule dakika tano unajifunza mengi kuliko kusoma matangazo ya wauza mbegu za madume kutwa nzima.

Nilikulia Babati, kwenye mbuzi na ng'ombe. Nikituma picha za pembe hizi nyumbani, swali la kwanza huwa lile lile: mnamkataje mnyama pembe kila mwaka na hafi? Utata unaanzia kwenye jina. Kulungu tunayemjua sisi ni jamaa wa swala, na pembe ya swala, sawa na ya mbuzi, ni ala ngumu kama kwato iliyovikwa juu ya mfupa. Hiyo ikishaota haidondoki, mnyama anakufa nayo. Kulungu wa mkia mweupe wa huku Marekani ni wa ukoo mwingine, ukoo wa yule ayala wa kwenye Zaburi aioneaye shauku mito ya maji, na porini kwetu hayupo. Pembe yake ni mfupa mtupu. Inaota, inakomaa, inadondoka, na mwaka unaofuata inaota nyingine.

Wanunuzi ni ranchi za uwindaji zilizozungushiwa uzio. Mfugaji anawauzia madume yenye vichwa vikubwa, yaani pembe kubwa, na wafugaji wenzake anawauzia majike yenye mimba, pamoja na mbegu za madume. Texas ndiyo inaongoza, na Pennsylvania nako wapo wengi. Kwetu biashara hii hakuna, na sheria za wanyamapori ni nyingine: Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania mnyamapori ni mali ya umma. Lakini namna ya kuchagua mama, kuweka kumbukumbu na kuhimilisha (kupandisha kwa mbegu ya mrija) itamfaa hata mwenye mbuzi wa maziwa.

Jifunze kupima kabla ya kununua chochote

Huku watu hawasemi "pembe kubwa", wanasema inchi. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni cha Boone and Crockett, klabu iliyoanzishwa 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake. Unahitaji utepe wa robo inchi kwa upana, waya laini, karatasi na subira. Unapima hivi.

Shina la kila upande, kuanzia chini linapotokea kichwani hadi ncha. Kila tawi linaloota juu ya shina, ilimradi lina urefu wa inchi moja au zaidi na ni refu kuliko upana wake. Mzingo wa shina mahali pane kila upande. Halafu upana wa ndani kati ya mashina mawili, mara moja tu. Jumlisha vyote.

Chukua dume wa matawi kumi: manne kila upande, na ncha za mashina mawili nazo zinahesabiwa. Upana wa ndani 18. Mashina 24 na 23. Matawi ya kulia 5, 10, 9 na 6, jumla 30; ya kushoto 5, 9, 9 na 6, jumla 29. Mizingo minne kulia 16, kushoto 16. Ukijumlisha unapata 156. Hiyo ndiyo alama ghafi. Kwa pembe ya kawaida, iliyolingana, unatoa tofauti za pande mbili: inchi moja kwenye shina, inchi moja kwenye tawi la pili. Zinabaki 154, na hiyo ndiyo alama halisi.

Ili uone 154 iko wapi: kitabu cha Boone and Crockett cha rekodi za wakati wote kinaanzia 170 kwa pembe za kawaida na 195 kwa zile zenye matawi ya ovyo. Rekodi ya dunia ya pembe za kawaida ni 213 na sehemu tano za nane, dume aliyepigwa na mkulima Milo Hanson huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 1993. Huyo alikuwa wa porini. Klabu hiyo haipokei mnyama aliyewindwa ndani ya uzio mrefu, kwa hiyo mfugaji asikuahidi jina kwenye kitabu kile. Wafugaji wanatumia hesabu ile ile kwa ajili ya bei tu, na mara nyingi wanakutajia alama ghafi pamoja na kila kipande kilichochomoza. Muulize muuzaji daima: ghafi au halisi? Na dume alikuwa na miaka mingapi?

Swali hilo la umri ndilo linalowaumbua wengi. Inchi 160 kwa dume wa miaka miwili na inchi 160 kwa dume wa miaka sita ni wanyama wawili tofauti kabisa.

Kibali na ugonjwa wa CWD

Hapa usipite haraka. Kulungu wa mkia mweupe Texas kisheria ni mali ya umma. Mfugaji anapewa kibali cha kumtunza na kumzalisha. Kibali kinatoka kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, TPWD, na mambo ya afya yako chini ya tume ya afya ya mifugo, TAHC. Pennsylvania ni wizara ya kilimo. Kila jimbo lina utaratibu wake wa kuhamisha wanyama, na Texas hairuhusu kuingiza kulungu hai wa aina hii kutoka majimbo mengine. Mbegu iliyogandishwa inavuka mpaka, mnyama havuki.

Chanzo cha ukali huu ni CWD, ugonjwa wa kukonda na kudhoofika. Ulionekana mara ya kwanza 1967 kwenye kituo cha utafiti huko Colorado. Hausababishwi na bakteria wala kirusi, bali na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya na kuzifundisha nyingine ubongoni kujikunja vivyo hivyo. Hauna chanjo, hauna dawa, na kila anayeupata anakufa. Unapita kwenye mate, mkojo na kinyesi, na udongo ukishachafuka unabaki hivyo kwa miaka. Kibaya zaidi, mnyama anaweza kuubeba mwaka na nusu au zaidi akiwa amenona na anang'aa. Texas ilianza kuuona porini 2012, na kwenye zizi la mfugaji 2015 katika kaunti ya Medina. Sasa umeshagunduliwa kwenye majimbo zaidi ya 30.

Kwa mfugaji maana yake ni hii: mnyama mmoja akipatikana nao, kundi zima linaweza kuchinjwa, na ardhi yako ikawekwa karantini. Nimeona mwanamume wa miaka sitini, aliyejenga ukoo wa majike kwa miaka ishirini, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake akisikiliza risasi. Tangu siku hiyo sinunui mnyama kwa kuangalia pembe kabla ya karatasi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua kutoka kundi lililothibitishwa kwenye mpango wa serikali kuu wa cheti cha kundi. Inachukua miaka mitano ya ukaguzi bila kasoro kukipata. Kila mnyama avae hereni mbili. Kila anayekufa akiwa na umri wa mwaka mmoja na kuendelea apimwe, hata aliyevunjika shingo kwenye uzio. Na uliza vinasaba. Watafiti wa chuo kikuu cha Texas A&M wameonyesha kuwa baadhi ya kulungu hurithi uwezo wa kutoshikwa na CWD kwa urahisi, na sehemu moja ya jeni la prioni, ile ya 96, inatajwa sana: mwenye herufi SS yuko salama kiasi kuliko mwenye GG. Siyo kinga kamili. Ila dume mwenye inchi 250 na GG mimi simtaki zizini.

Uzio na kibanio

Uzio uwe wa waya wa kusuka, futi nane kwenda juu, yaani mita 2.4, na chini ukae ardhini kabisa, maana kulungu akitaka kutoka hujaribu kupenya chini kabla ya kuruka. Gawanya eneo katika mazizi ya ekari moja hadi mbili, yote yafungukie kwenye ujia mmoja unaoelekea kwenye banda la kushikia.

Banda hilo liwe na giza. Kuta za mbao zisizo na nyufa, milango ya kuteleza, kona za mviringo. Kulungu akiona mwanga anaukimbilia kwa kichwa. Mwisho wa ujia kuna kibanio ambacho sakafu yake inashuka, mnyama anabaki amening'inia mbavuni, miguu haigusi kitu, na anatulia. Kamilisha kazi ndani ya dakika mbili tatu. Mnyama huyu akihangaishwa sana misuli yake inaharibika kutoka ndani. Anaweza kuondoka mzima na kufa siku kadhaa baadaye. Shika asubuhi na mapema kukiwa na baridi. Simu kimya. Shemeji yangu alikuja kutembea siku moja, akapiga mluzi kama anaswaga mbuzi; tulipoteza asubuhi nzima.

Dawa za kulaza mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo. Hilo sina la kuongeza.

Nunua majike kwanza

Mgeni wa kazi hii ana dola zake, anazimaliza kwa dume mmoja mwenye kichwa kama mti wa mkwaju, kisha anaokoteza majike yoyote ya bei rahisi. Baada ya miaka mitatu anashangaa watoto ni wa kawaida. Nusu ya pembe imetoka kwa mama. Mama hana pembe za kukuonyesha, ndiyo maana watu wanamsahau, na ndiyo maana majike wazuri mpaka leo wanapatikana kwa bei nafuu kuliko madume.

Kumjua jike mzuri angalia ndugu zake. Baba yake alikuwa na inchi ngapi, na kwa umri gani? Kaka zake? Ana wana wa kiume wangapi, na ubao wao unasemaje? Jike aliyezaa madume matatu kwa madume tofauti, wote wakavuka wastani wa zizi, huyo ni dhahabu hata kama ana umri wa miaka saba. Angalia pia kama anazaa pacha na kuwalea wote wawili bila chupa. Mama asiye na maziwa atakupa dume mwenye vinasaba vya kifalme na mwili wa yatima.

Karatasi zisikudanganye. Kwenye zizi lenye madume mawili, au uzio uliolegea usiku mmoja, baba aliyeandikwa anaweza asiwe baba. Dai uthibitisho wa DNA. Kuna sajili ya North American Deer Registry inayohakiki baba na mama. Bila hiyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Anza na majike sita hadi kumi wa koo mbili au tatu, siyo ishirini wa kuokoteza.

Kuchagua dume

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na matangazo ya mbegu huku yanajitembeza sana. Utaonyeshwa dume mwenye pembe zilizofumuka kama kichaka, matawi arobaini, hata kichwa kinamwelemea. Soko lilipenda vichwa hivyo kwa muda. Mimi nina shida nao: huwezi kusoma umbo lililo chini, na wana wake wanatoka kila mmoja kivyake. Kwa kundi jipya chagua dume mwenye umbo safi: mashina marefu na manene, matawi marefu yaliyosimama, upana wa kutosha. Takataka hizo za matawi utaziongeza baadaye ukizitaka. Kuziondoa ni kazi ya vizazi.

Vigezo vyangu kwa mpangilio: afya na vinasaba vya CWD, mama yake, pembe zake za umri wa miaka miwili na mitatu, kisha wana wake. Alama yake kubwa kuliko zote ndiyo ya mwisho.

Halafu udugu. Ukipandisha baba kwa binti yake, mtoto ana asilimia 25 ya kupata nakala mbili za jeni lile lile kutoka kwa mzee mmoja. Ndugu wa baba mmoja, asilimia 12.5. Baadhi ya wafugaji hufanya hivyo makusudi ili "kufunga" umbo. Inafanya kazi mpaka siku inapogoma: ndama dhaifu, taya fupi, majike wasioshika mimba. Mimi sivuki asilimia 6, na kila kizazi cha tatu naleta damu ya mbali.

Uhimilishaji, siku kwa siku

Joto la kulungu linafuata urefu wa mchana. Sehemu kubwa ya Marekani kilele ni Novemba. Kusini mwa Texas kinasogea hadi Desemba. Jike hukaa kwenye joto siku moja hivi, na asiposhika mimba hurudi baada ya siku 28. Mimba ni takribani siku 200.

Ukitumia dume wa kawaida, mpe majike kumi hadi kumi na tano na kazi imeisha. Uhimilishaji una faida moja kubwa: dume bora wa jimbo lingine anaingia zizini kwako akiwa kwenye mrija wa nusu mililita, ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ratiba yetu huwa hivi. Siku ya kwanza jike anapita kwenye kibanio, anawekewa kifaa cha homoni ukeni. Baada ya siku 14 kinatolewa na anadungwa sindano ya kuamsha mayai. Saa 60 hivi baadaye daktari anahimilisha, mara nyingi kwa kupitisha kamera nyembamba tumboni na kuweka mbegu moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi. Saa hizo 60 zihesabu kurudi nyuma: kama daktari anakuja saa mbili asubuhi Jumatatu, kifaa kitoke saa mbili usiku Ijumaa. Ndiyo, usiku, kwa taa nyekundu.

Wengine hawatashika. Subiri wiki mbili, kisha waingize kwa dume wa akiba. Usimwingize mapema, la sivyo hutajua baba ni nani mpaka DNA itoke. Aliyehimilishwa tarehe 10 Novemba anazaa karibu na 29 Mei; aliyerudi kwenye joto tarehe 8 Desemba anazaa karibu na 26 Juni. Tarehe za kuzaa zenyewe zinakuambia mengi.

Ndama

Jike anayezaa mara ya kwanza hutoa mmoja, wakubwa hutoa pacha. Ndama ana kilo mbili hadi tatu na nusu, analala kimya kwenye nyasi, na siku mbili za mwanzo anakamatika kwa mikono. Hiyo ndiyo nafasi yako: paka kitovu iodini, vika hereni, na kile kinofu cha sikio kinachotoboka kihifadhi kwa DNA. Vaa glavu ulizozisugua kwa nyasi za zizi lile, fanya haraka, rudisha mtoto pale pale.

Hakikisha kanyonya dang'a ndani ya saa chache za kwanza. Asiponyonya, bakteria wa zizini watamwahi. Maziwa ya kulungu ni mazito, mafuta yake ni karibu maradufu ya ya ng'ombe, kwa hiyo anayelelewa kwa chupa maziwa ya ng'ombe matupu hayamtoshi. Wengi wanatumia ya mbuzi au ya unga yaliyotengenezwa kwa kulungu.

Onyo kuhusu chupa: jike aliyelelewa kwa chupa anakuwa mpole na rahisi kushika. Dume aliyelelewa kwa chupa ni hatari. Hamwogopi mtu, na Novemba akiwa na pembe ngumu atakuona wewe ni dume mwenzake. Watu wameuawa hivyo.

Hori

Pembe inaota kati ya Aprili na Agosti, ikiwa imevikwa ngozi laini yenye manyoya, mahameli, imejaa damu na mishipa ya fahamu. Iguse, ina joto kama sikio la mtoto mwenye homa. Wakati huo sehemu kubwa yake ni protini. Mwishoni, mchana unapofupika na homoni ya kiume inapopanda, madini yanaingia na inakuwa mfupa. Madini hayo hayatoki yote horini. Mnyama anakopa kwenye mbavu zake mwenyewe na kulipa baadaye.

Kwa hiyo protini asilimia 16 hadi 18 kwenye chakula cha punje, mwaka mzima, na kalisi kwa fosforasi karibu mbili kwa moja. Kwenye kituo cha serikali cha Kerr hapa Texas, wanakofanya majaribio ya kulungu wa zizini tangu miaka ya 1970, walilisha madume wa koo zile zile wengine asilimia 16, wengine 8. Wa 8 walibaki na pembe duni. Vinasaba vilikuwepo, hori ndilo halikuwa na kitu. Ongeza lusini nzuri yenye majani mengi, madini yenye shaba na zinki, na maji safi. Kulungu ni mchaguaji, anachuma majani na machipukizi kama mbuzi. Usimlishe nyasi ngumu kama ng'ombe.

Mwili hula kwanza, pembe hula mabaki. Dume aliyetoka kwenye msimu wa kupandana, ambao unaweza kumpunguza robo ya uzito, akiingia Machi akiwa mifupa mitupu, majira yote ya mvua atakuwa anajenga mgongo badala ya kichwa. Wanenepeshe Desemba hadi Februari, wakati ambapo wengi wanabana matumizi.

Mahindi wanayapenda kuliko kitu chochote, na ndiyo yaliyonifanya nizike dume wangu wa kwanza. Niliacha komeo la stoo wazi usiku mmoja. Asubuhi alikuwa amesimama kichwa chini, tumbo limejaa kama ngoma, kinyesi cha maji. Wanga mwingi ghafla unalichachusha tumbo kubwa, na kulungu hana ustahimilivu wa ng'ombe. Alikufa jioni. Badilisha chakula chochote taratibu, kwa siku kumi au zaidi, na mahindi yawe kionjo tu. Tena yawe yamepimwa sumukuvu. Mifuko ya mahindi ya wanyamapori huku huandikwa kuwa haizidi sehemu 20 kwa bilioni.

Na majike je? Jike mwenye mimba ya miezi ya mwisho na anayenyonyesha apewe chakula kile kile cha madume. Watafiti wa Mississippi walichukua kulungu kutoka maeneo ya udongo maskini wakawalisha vizuri. Ilibidi kupita vizazi viwili ndipo miili na pembe za wana zikafikia uwezo wake. Njaa ya bibi inaonekana kwenye kichwa cha mjukuu.

Kungoja, na kuchuja

Dume wa mwaka mmoja mwenye vijiti viwili tu kichwani: umuuze au umwache? Wataalamu wa Texas wenyewe wamebishana juu ya hili miongo kadhaa. Msimamo wangu unatokana na ubao wa stoo. Kwanza angalia tarehe ya kuzaliwa. Aliyezaliwa mwishoni mwa Juni hawezi kushindana na wa Mei. Angalia kama mama yake alikuwa mzazi wa mara ya kwanza, kama alikuwa pacha, kama aliugua. Kama yote yalikuwa sawa na bado ana vijiti, aondoke. Kama kuna sababu, mpe mwaka mmoja. Namba 31 alikuwa hivyo: vijiti vya kidole, mtoto wa Julai. Akiwa na miaka miwili alikuwa na matawi nane, na ubao wake wa mwaka wa nne ndio wageni wanaupiga picha.

Baada ya miaka mitatu huna haja ya kubahatisha. Porini dume hufikia kilele miaka mitano hadi saba. Kwa lishe ya zizini wengi hukaribia mapema zaidi. Majike wachuje kwa wana wao, na usione haya kumuuza jike mrembo ambaye wanawe wawili wameshindwa.

Septemba: msumeno

Mwanzoni mwa Septemba mahameli yanakauka na dume anayasugua kwenye miti, yananing'inia mekundu kama matambara. Picha piga sasa. Baada ya hapo pembe ni mfupa mfu, hauna maumivu, na kabla ya vita vya kupandana tunazikata, isipokuwa za dume anayekaa zizi la peke yake, tukiacha kisiki cha sentimita tano hivi juu ya kichwa. Kisiki hicho kitadondoka chenyewe mwanzoni mwa mwaka. Usikate kamwe pembe ikiwa bado na mahameli, hiyo ni kiungo hai na mnyama anaweza kutoka damu mpaka afe. Na usikate usawa wa fuvu: ukijeruhi kitako, mwaka ujao pembe itaota kombo.

Usipokata, madume wawili kwenye zizi moja Novemba watabaki mmoja.

Magonjwa mengine

Mwisho wa kiangazi mpaka baridi ya kwanza ya kuua wadudu kuna EHD, ugonjwa wa kutoka damu ndani, unaosambazwa na visubi wanaozaliana kwenye tope. Dume aliyekuwa mzima Jumatatu unamkuta Jumatano amefia majini, homa imempeleka huko. Fukia madimbwi, hamisha mahori ya maji yasitengeneze matope, ongea na daktari kuhusu chanjo. Kimeta nacho kipo: Texas kina pembetatu yake kati ya Uvalde, Ozona na Eagle Pass, hasa joto kali likifuata mvua. Wafugaji wa nyumbani mnajua kanuni: mzoga haupasuliwi. Taya kuvimba na kwato kuoza hutokana na bakteria wa tope na chakula chenye miiba. Dawa yake kubwa ni usafi wa hori.

Kuuza

Bei ziliporomoka CWD ilipoenea, na anayekuambia utarudisha mtaji mwaka wa pili anakuuzia kitu. Ndama wa Mei hii utamwona kichwa chake cha maana baada ya miaka mitatu, na hiyo mitatu yote anakula. Tafuta mnunuzi wa madume kabla hujahimilisha, ujue anataka inchi ngapi kwa bei gani, na uliza masharti ya kuhamisha mnyama kati ya kaunti zenu, maana ramani za maeneo ya CWD hubadilika.

Pembe zilizodondoka nazo zina soko. Wamarekani wanazikata vipande wakawapa mbwa watafune, zinauzwa kwa uzito. Mimi nauza zile zilizovunjika tu. Mwezi uliopita mteja mmoja alitaka kununua ubao mzima wa namba 31 aupeleke sebuleni kwake. Nilimwambia arudi yule dume akishakufa.